Mita sita za mtaa wetu

Mpira wa gari la majitaka ulipungua kama hatua nane hivi. Dereva aliuvuta mpaka ukakakamaa, akaunganisha kipande cha akiba kilichokuwa juu ya tangi, akavuta tena. Wapi. Mdomo wa mpira ukalala chini katikati ya uchochoro, na karo langu liko kule nyuma ya jengo, limejaa mpaka mfuniko wa zege umeanza kutokwa jasho. Wanafunzi waliopanga vyumba vyangu walisimama barazani wameziba pua kwa khanga na kola za mashati.

"Mwalimu," dereva akaniuliza, "hii njia aliibana nani?"

Nikamjibu kwamba ni watu tu, mtaa umejaa. Ilikuwa Machi 2021, mvua inanyesha kila jioni, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwa katibu wa kamati ya mtaa ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu mara nyingi kuwaeleza umuhimu wa barabara. Na njia ile niliibana mimi.

Nianze nyuma kidogo. Kiwanja changu nilikinunua mwaka 2008, hapa Iringa, upande wa Kihesa. Wakati huo palikuwa shamba la mahindi lenye mawe makubwa yaliyokaa kama ng'ombe waliolala. Hatukupima kwa futi. Tulipima kwa hatua, 20 kwa 30, kama walivyopima wenzetu wote. Mnunuzi mwenye akili haendi kupima kwa miguu yake. Mimi nilikwenda na shemeji yangu, mtu mrefu anayetembea kama anaruka mitaro. Muuzaji naye hakuwa mjinga, akamtanguliza mjukuu wake wa darasa la tano. Tulibishana pale shambani hadi jua likawa kali, mwisho tukaafikiana shemeji apige hatua upande mmoja na mjukuu upande wa pili. Ndiyo maana mpaka leo kiwanja changu kina umbo la trapeza.

Karatasi ya mauziano iliandikwa kwa mkono, mashahidi wanne, mhuri wa serikali ya mtaa, na ile asilimia 10 ya ofisi nikailipa bila manung'uniko. Mipaka iliandikwa hivi: kaskazini jiwe kubwa, mashariki shamba la muuzaji, magharibi mtaro, kusini njia. Nimeisoma karatasi ile mara nyingi sana baadaye. Neno "njia" halikuandikiwa upana. Siku ile ilikuwa inapita Fuso iliyojaa tofali, na ng'ambo yake alikuwa akiishi bibi mmoja mwenye miparachichi mitatu na banda la kuku.

Halafu mji ukaja. Tayari mwaka 2005 iliyokuwa shule ya sekondari ya Mkwawa ilikuwa imefanywa chuo kikuu kishiriki cha elimu, na vyuo vingine vya mjini navyo vikaendelea kuongeza wanafunzi. Mabweni hayakutosha. Kila Oktoba ulikuwa unawaona vijana wanashuka kwenye mabasi na magodoro, wanauliza vyumba nyumba hadi nyumba. Mtu mwenye mshahara wa ualimu na kiwanja karibu na chuo, unadhani atafanya nini? Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Iringa na watu 151,000 na ushei. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 202,000. Hizo ni takwimu za sensa. Mimi ongezeko hilo nililiona kwenye bei ya tofali za kuchoma, na kwenye foleni ya ndoo pale maji yalipokuwa hayapandi kilimani.

Nilijenga vyumba 12 mwaka 2011. Msingi nikauweka sawasawa kwenye mpaka wangu, au pale nilipoamini kuwa ni mpaka. Baada ya bati kupanda, fundi akasema mvua itapiga milango, inafaa tuongeze baraza. Baraza likatoka nje hatua moja na nusu. Mwaka uliofuata nikaongeza vyumba viwili vya mwisho kwa mtindo huohuo, nikivipanga kwa kufuata ukingo wa baraza wala si msingi wa zamani. Hakuna aliyenisemesha, maana jirani wa juu alikuwa ameweka ngazi njiani, wa chini ameweka ukuta, na aliye mbele yake alikuwa amejenga genge la mbogamboga ambalo baadaye likawa duka. Hatukukaa kikao kukubaliana kuiua ile njia. Kila mmoja alichukua hatua yake moja na nusu, akaingia ndani kulala.

Wazee wa huku husema jina la Iringa lilitokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Sisi watoto wa ngome tulirithi kuta, basi.

Urasimishaji ulipoingia mtaani kwetu mwaka 2018, watu walidhani ni bomoabomoa. Tukaitwa kwenye mkutano wa hadhara uwanja wa shule ya msingi. Afisa mipango miji, kijana mpole mwenye sauti ndogo, alieleza kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu maeneo yaliyojengwa bila mpango yatambuliwe, yachorewe ramani, yapimwe na wenyewe wapewe hati. Nyumba hazivunjwi ila pale ambapo hapana namna. Wananchi wenyewe wanakaa, wanakubaliana njia zipite wapi, kila mmoja anatoa kidogo, na hakuna fidia. Hapo kwenye "hakuna fidia" uwanja mzima ukanguruma.

Nimehudhuria vikao vingi maishani, vya shule, vya harusi, vya misiba. Sijaona kikao watu wanasema ukweli nusunusu kama kile. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mnataka kutuletea Gangilonga huku." Gangilonga ndiko kwenye viwanja vipana vilivyopimwa na miti iliyopangwa tangu zamani, kwa hiyo watu walicheka, lakini hoja yake haikuwa ya kuchekesha. Alikuwa anasema mkishapima, ardhi itapanda bei, kodi ya ardhi itakuja kila mwaka, watoto wetu watauza, na anayenunua si mmoja wetu. Mpaka leo sina jibu kamili la hoja ile. Nimeshuhudia nyumba nne zikibadili wenyewe tangu bikoni, yale mawe ya mipaka ya wapimaji, zianze kuwekwa.

Mwingine, mfanyabiashara wa mbao, yeye alitaka mji utanuke tu. Wapimeni watu viwanja vipya kule kuelekea Nduli, akasema, huku kwetu mtuache tulivyo. Makofi yakapigwa. Kijana wa mipango miji akauliza kwa ile sauti yake ndogo, je, maji yatafika kwa bomba gani? Akatueleza habari ambayo sikuwahi kuifikiria: kila kiwanja kipya kinachopimwa mbali kinadai nguzo, bomba, mtaro, shule na zahanati, na halmashauri inayapeleka hayo kidogokidogo, miaka na miaka. Huku katikati kuna nyumba mia mbili zilizokaa bila mtaro hata mmoja. Tukienda mbali, tunawaacha hawa. Tukibaki kuwapanga hawa, wanaohamia mjini mwaka huu watakwenda kununua shamba jingine kwa hatua, na baada ya miaka 10 tutarudi kufanya mkutano kama huu kwao. Alisema yote mawili yanatakiwa na pesa inatosha moja. Nilimheshimu kwa kutotudanganya.

Ubishi mkubwa zaidi ulikuwa wa bondeni. Kule chini watu wana vinyungu, bustani zao za kiangazi zinazonywa unyevu wa bonde: mahindi mabichi, maharage, mboga. Wenye vinyungu walikuwa wameanza kuuza vipande kwa wajenzi, kwa sababu kiwanja cha bondeni ni bei nafuu na hakina mawe ya kupasua. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga na kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji. Afisa alipoitaja hiyo mita 60, mama mmoja akainuka: "Mita 60 ukizipima kutoka mtoni, kinyungu changu chote kiko ndani. Nyumba hamtaki, bustani hamtaki, nipande nini, karatasi?" Hakujibiwa vizuri. Aliambiwa suala lake litapelekwa juu. Ukisikia hivyo kwenye mkutano, ujue limezikwa.

Kuna jambo nililigundua siku hiyo, nikaliandika pembeni ya daftari la muhtasari. Mkutano ulihudhuriwa na watu 130 hivi. Wote wenye viwanja. Wapangaji, ambao mtaani kwetu wakati wa muhula ni wengi kuliko sisi, hatukuwaita. Alikuja mmoja tu, binti wa mwaka wa pili aliyepanga kwangu, akakaa nyuma kabisa. Alipopewa nafasi hakuuliza habari ya hati. Aliuliza kama kwenye ramani hiyo kutakuwa na taa, kwa sababu akitoka maktaba saa tatu usiku anapita kwenye uchochoro ambao hawezi kunyoosha mikono yote miwili. Mwenyekiti akamwambia asante, hilo tumelipokea, akaendelea na ajenda. Uchochoro aliousema ulikuwa wangu. Nikainamia daftari.

Nilichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko. Tukakubaliana njia kuu za ndani ziwe mita 6, na penye shida mita 4. Kila kaya ikachanga shilingi 150,000 za kuchora na kupima, tukapata kampuni binafsi ya upimaji, jina nitaliacha. Kampuni ile ilianza kwa kasi nzuri, ikaweka bikoni karibu nusu ya mtaa, kisha simu zao zikawa hazipatikani. Waliochelewa kuchanga wakawa wanawacheka waliowahi. Mimi niliyekuwa nikikata risiti nikawa siwezi kwenda dukani bila kuulizwa. Hayo yaliumiza, ila hayana mafunzo mengi zaidi ya kwamba pesa ya watu hulipwa kwa hatua ya kazi iliyokwisha kufanyika, na mkataba husomwa kabla ya kupiga muhuri.

Yenye mafunzo ni siku mpimaji alipofika kwenye njia yangu.

Alinyoosha uzi kutoka jiwe la juu mpaka kwenye nguzo ya umeme. Uzi ukaingia barazani kwangu, ukapita katikati ya dirisha la chumba namba 13, ukatokea kwenye kona ya namba 14. Akatazama, akaguna. Upande wa pili palikuwa na uzio wa bibi, wa miti na nyasi, banda la kuku, na mparachichi. Akasema, "Huku kwa bibi hakuna jengo la kudumu. Tukiipinda njia kidogo, tutaepuka kuvunja." Akanigeukia. Wajumbe wawili wa kamati nao wakanigeukia. Nilichotakiwa kusema nilikijua: kwamba njia ilipita hapa kabla sijajenga, na kwamba bibi hajasogea hata unyayo mmoja tangu nimfahamu. Sikusema uongo wowote. Nilisema, "Ninyi ndio wataalamu."

Bikoni ikawekwa ndani ya uzio wa bibi, hatua mbili kutoka kwenye shina la mparachichi.

Jioni nilikwenda kwake na fomu ya kuridhia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha kigoda, akanikatia parachichi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwalimu, wakati unanunua hapa, Fuso la tofali zako lilipita wapi?" Nikasema lilipita njiani. "Na leo likija litapita wapi?" Nikakosa la kusema. Akaikunja ile fomu mara mbili, akanirudishia. Kwenye ramani ya kamati kipande chetu kikabaki na alama ya swali, pengine pote njia ikiwa imekubaliwa. Vikao vilivyofuata niliisoma orodha ya wasiosaini kwa sauti ileile ninayoitia mahudhurio darasani, na jina lake nilikuwa nalisoma. Jina langu halikuwamo. Mwenye kuandika orodha anaweza mengi.

Sasa rudi kwenye ule mpira. Dereva alinionyesha kwamba kuna namna moja: gari lizunguke kwa juu, lisimame kwenye uwazi wa bibi, na mpira upitishwe juu ya uzio wake, chini ya mparachichi, uvuke uchochoro uingie kwenye karo. Kwa huko unatosha na kubaki. Nikamtuma kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akamwombe. Akarudi peke yake. "Bibi anasema yupo, aje mwenyewe."

Nikaenda. Safari hii hakunipa kigoda. Alikuwa anapepeta maharage, akaendelea kupepeta. Nikamweleza hali. Harufu ilikuwa imenitangulia, sikuwa na haja ya kuipamba. Akasema, "Upitishe. Lakini ushike mwenyewe, usimwachie mtoto wa watu. Na kuku wangu wasikanyagwe."

Nilishika mpira wa majitaka kwa dakika 40 chini ya mparachichi wa yule bibi, na viatu vyangu vya kanisani kwa sababu nilikuwa nimetoka ibadani. Mpira ule unatetema, ni mzito kuliko unavyoonekana, na kwenye kiungio unavuja. Mimi niliyeandika muhtasari wa vikao vinne vya njia za mita 6 nilikuwa nimesimama karibu na bikoni niliyoiweka kwa kunyamaza, na kila aliyepita uchochoroni alinisalimia kwa jina. Gari lilipoondoka nikamlipa dereva, nikafagia uwanja wa bibi, nikamwaga majivu pale palipodondokewa. Hakunishukuru wala hakunisema.

Uamuzi haukuja siku ile. Ningependa kuandika kwamba nililala nikaamka mtu mpya, lakini nilipiga hesabu kwanza. Vyumba viwili, 40,000 kila kimoja kwa mwezi, miezi 10 ya masomo: 800,000 kwa mwaka. Na baraza. Nikajipa mwaka mzima wa kutafuta sababu. Nikasema nisubiri kampuni irudi. Nikasema nisubiri ramani ipitishwe. Mke wangu, ambaye muda wote huo hakuwa amechangia neno, aliniuliza siku moja, "Karo litajaa tena lini?" Lilikuwa limebakiza miezi michache.

Julai 2022, wanafunzi walipofunga chuo, nikaita fundi yuleyule aliyejenga. Alishangaa, akauliza kama nimeamriwa na manispaa. Nikamwambia hapana. Akasema katika miaka yake 20 ya kujenga Iringa amevunja kwa amri, kwa ugomvi wa urithi na kwa moto, hajawahi kuvunja kwa sababu mwenyewe ameomba. Tulitoa namba 13 na 14 na baraza lote. Tofali nyingi zilitoka nzima, nikazitumia kujenga mtaro. Jirani wa chini aliona, akanyamaza, na ukuta wake bado uko pale pale. Wa juu aliondoa ngazi yake baada ya wiki mbili, akasema zilikuwa zinaoza, ingawa zilikuwa za zege.

Kwenye kamati tuliomba mchoro urekebishwe. Ilibidi kuandika muhtasari mpya, na safari hii nilimwomba mjumbe mwingine auandike. Nilipendekeza pia wapangaji waitwe kwenye mkutano, hata kama hawapigi kura ya mipaka. Wenzangu walisita, wakakubali nusu: mwakilishi mmoja kwa kila hosteli. Walikuja sita. Taa mbili za sola zimewekwa kwa mchango wetu na wao, ya tatu tunadaiwa. Hati zenyewe bado hatujazipata wote. Kampuni mpya imechukua kazi iliyoachwa na tunailipa kwa awamu, kila awamu baada ya kuona bikoni ardhini.

Bibi alikuja siku tulipomaliza kuzoa kifusi. Kwanza alisimama upande wake wa uzio akitazama, kisha akazunguka akaingia njiani. Mpimaji mpya alikuwa ameshapita na tepu yake, nikamwambia kwamba sasa tumepata mita 4 na robo pale penye wembamba zaidi, na mparachichi hauguswi. Hakunisikiliza. Aliegemeza mgongo kwenye uzio wake, akainua gauni kidogo asikanyage tope, akaanza kupiga hatua kuja upande wangu, zile hatua zake fupi za uzee, akihesabu kwa mdomo. Akafika kwenye ukuta wangu mpya, akaugonga kwa kiganja.

"Sita," akasema.

Nikamwambia, "Bibi, kwa tepu ni nne na kitu."

"Kwangu ni sita," akajibu, akarudi kwake kufungulia kuku.